Kadi namba 18 na wenzake 395

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mimi ni mama wa Mombasa, niko Edmonton mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyemtunza miaka miwili amefariki, na binti yake akanipa boksi la viatu lenye kadi za picha za wachezaji wa hoki ya barafuni, akasema, “Mpelekee mwanao.” Kijana wangu ana miaka kumi na mmoja, anacheza, na ndiye aliyeiona ya Wayne Gretzky, yule nyota wa zamani wa timu ya hapa Edmonton. Kadi zimefungwa mafungu mafungu kwa raba kufuata namba, ukingo wake ni buluu, nyuma kuna Kiingereza na Kifaransa. Tumehesabu 371, hakuna iliyojirudia. Ya Gretzky ni namba 18, pembe moja imekunjika. Mtandaoni nimeona kadi hiyo imeuzwa mamilioni ya dola. Ni kweli? Nitajuaje kama si feki? Na mwanangu anauliza mbona kwenye kadi hizo kuna mchezaji anayefanana na babu.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Kabla ya Gretzky na kabla ya mamilioni, toa hizo raba. Usizivute juu kama unavyofanya kwenye fungu la noti, zitapita zikikwaruza kingo. Shika mkasi, kata kila raba ubavuni, iache ianguke yenyewe. Ukikuta iliyokauka ikanata kwenye kadi, kipande hicho kiache hapo hapo, usikibandue kwa kucha. Usifute kadi kwa kitambaa, kiwe kibichi au kikavu, na ile pembe iliyokunjika usiinyooshe kwa pasi wala kwa kitabu kizito. Nimeona watu wakiua nusu ya thamani ya kadi mchana mmoja kwa nia njema ya kuisafisha. Kijana anawe mikono, aikaushe, ashike kadi kwa kingo tu. Ya Gretzky itieni kwenye mfuko laini wa plastiki wa kadi, kisha mfuko huo uingie kwenye plastiki ngumu. Duka lolote la kadi hapo Edmonton wanavyo vyote viwili na si ghali.

Jambo moja zaidi: msivuruge mpangilio wa mafungu. Kila kadi ibaki karibu na jirani yake wa siku zote. Mpangilio huo utatufaa baadaye.

Sasa ulichonacho. Ukingo wa buluu, mgongo wa lugha mbili, Gretzky namba 18: hiyo ni seti ya O-Pee-Chee ya msimu wa 1979-80. O-Pee-Chee ilikuwa kampuni ya peremende ya mji wa London, ile London ya Ontario, iliyoanzishwa 1911. Upande wa Marekani mwenzake alikuwa Topps. Huyo Topps sisi tuliokulia Tanga tulimjua bila kumjua: senti tulizokuwa tukiomba za kununua bazoka zilikuwa za Bazooka, jina la bidhaa yake, ambalo kwetu liligeuka kuwa jina la kila kitu kinachotafunwa kisimezwe. Na kadi hizi ndivyo zilivyouzwa. Mtoto alinunua pakiti ya karatasi yenye nta, ndani kadi 14 na kipande cha bazoka kigumu kama kigae. Ukiona kadi ina doa la kahawia la mstatili mgongoni, au utando wa nta unaong'aa, hiyo ndiyo alama ya pakiti yake. Katika 371 hizo lazima mtapata chache.

Mwaka huo kampuni zote mbili zilitumia sura ileile ya kadi. Topps ilitoa kadi 264 kwa soko la Marekani. O-Pee-Chee ilitoa 396, kwa sababu Mkanada alitaka kumwona hata mchezaji wa akiba wa timu yake. Gretzky ni namba 18 kwa wote wawili, na hapo ndipo wengi huchanganya. Ya Topps mgongo wake ni Kiingereza kitupu na karatasi yake ni ya kijivu zaidi. Ya O-Pee-Chee ina Kifaransa na karatasi yake ni nyeupe kidogo. Wakusanyaji huipenda zaidi ya Kanada, na bei inafuata mapenzi hayo. Kwa maelezo yako, mzee wako alinunua hapo hapo Kanada.

Mamilioni ni kweli. Desemba 2020 namba 18 ya O-Pee-Chee iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani milioni 1.29, na hakuna kadi ya hoki iliyokuwa imewahi kuvuka milioni kabla ya hapo. Mei 2021 yakatangazwa mauzo ya faragha ya milioni 3.75. Lakini soma maandishi madogo. Kadi hupelekwa kwa kampuni za kupima ubora, maarufu zaidi ikiwa PSA, nazo huipa daraja kuanzia 1 hadi 10. Kadi za O-Pee-Chee namba 18 zilizopewa 10 na PSA zinajulikana mbili tu duniani. Mamilioni ni ya hizo mbili. Yako, yenye pembe iliyokunjika, na kama raba imeacha alama, itakaa ngazi za chini. Hata hivyo, ikiwa halisi, bado ni pesa: mamia mengi ya dola, pengine elfu na kitu. Ukitaka kujua bei ya leo, usitazame bei wanazoomba wauzaji, kwa sababu mtu anaweza kuomba chochote. Tazama zilizokwisha kuuzwa, za daraja la chini.

Kwa nini 10 zikawa mbili tu? Rangi ile ya buluu unayoiona nzuri ndiyo adui. Imefika hadi mwisho wa kadi, kwa hiyo kila mchubuko mdogo unafichua weupe wa karatasi, kama mlango wa buluu wa Mji wa Kale uliobanduka rangi kwenye kona. Pili, kiwanda. Karatasi kubwa za kadi zilikatwa kwa waya, na waya hauachi ukingo laini kama wembe. Kadi zilitoka zikiwa na nyuzinyuzi pembeni tangu siku ya kwanza, na mara nyingi picha haikukaa katikati, upande mmoja ukingo mnene na mwingine mwembamba. Tatu, watoto. Walizirusha ukutani kushindana nani yake itaangukia karibu zaidi, kama tulivyofanya sisi na vifuniko vya soda, na wengine walizibana kwenye spoku za baiskeli zitoe mlio wa pikipiki. Gretzky alikuwa kijana mmoja kati ya 396. Hakuna aliyemwonea huruma.

Ndiyo maana Februari 2024 wenye minada walipopata katoni ambayo haijawahi kufunguliwa, iliyokutwa katika nyumba moja huko Saskatchewan, mnada ulifika dola milioni 3.72. Fanya hesabu na kijana: boksi 16, kila boksi pakiti 48, kila pakiti kadi 14. Zinakuja 10,752. Gawa kwa 396, unapata Gretzky 27 hivi, waliolala gizani zaidi ya miaka arobaini. Anayeinunua hanunui kadi, ananunua uwezekano wa kadi, na akishafungua pakiti ya kwanza uwezekano ule umeanza kufa. Mimi nisingeweza kulala na kitu kama hicho ndani.

Tuje kwenye feki, na hapa ndipo nilipokuwa naenda niliposema msivuruge mafungu. Kadi hii imeghushiwa tangu miaka ya 1980, na baadhi ya feki ni za ustadi. Watu huniletea Gretzky mmoja kwenye plastiki, hana ndugu wala jirani, wakitaka niseme neno moja. Wewe una bahati ambayo hao hawana: una mashahidi 370. Kadi zisizo na bei hakuna anayejisumbua kuzighushi. Mchezaji wa pembeni kabisa, asiyejulikana hata na wajukuu zake, kadi yake ni halisi bila shaka yoyote. Mweke huyo mezani kando ya Gretzky, mchana, karibu na dirisha.

Tazama ukingo kwanza. Ukiwa wa Gretzky umekatwa laini kama wembe na wa jirani zake una nyuzinyuzi, ingia wasiwasi. Kisha geuza zote mbili: rangi ya karatasi ya mgongo ifanane, na zikiwekwa kando kwa kando juu ya kioo, zilingane urefu, upana na unene. Kadi ya kawaida ina sentimita 6.35 kwa 8.89. Kisha pata kioo cha kukuzia, kile cha sonara kinachokuza mara kumi. Picha halisi itaonekana imeundwa kwa vidoa vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo, hiyo ni sawa. Lakini maandishi meusi, jina la mchezaji na herufi za mgongoni, yawe wino mtupu uliojaa, wenye kingo safi. Feki nyingi zilipigwa picha kutoka kadi nyingine, kwa hiyo hata herufi nazo zimegeuka vidoa. Angalia herufi ya kadi isiyo na thamani, halafu ya Gretzky, halafu rudi tena. Jicho la mtoto ni zuri kuliko langu katika kazi hii.

Shahidi wa mwisho ni raba yenyewe. Umesema mafungu yamefuata namba. Basi namba 18 imebanwa miaka yote kati ya 17 na 19, na raba ile ile imepita juu ya kingo za zote tatu. Je, kibonyeo kiko mahali pamoja? Je, weupe wa mchubuko wa 17 unaendelea kwenye 18? Kama 17 na 19 zimechoka na 18 inang'aa, ama mzee aliitoa mapema akaiweka vizuri, ama imeingizwa baadaye. Na tafuta kadi za orodha, zile zenye majina yote ya seti na visanduku vidogo vya kuwekea alama. Ukikuta mzee ameweka alama ya kalamu mbele ya namba 18, bei ya kadi ile ya orodha imeshuka, lakini mimi ningefurahi kuiona kuliko kuiona safi. Inaonyesha kwamba Gretzky huyu alipita mkononi mwake wakati wake.

Sasa babu.

Huyo ni Gordie Howe, namba 175, na si kocha. Ni mchezaji. Alizaliwa tarehe 31 Machi 1928 na akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, mwaka 1946 akiwa na Detroit Red Wings, wakati baba yake Gretzky alikuwa mtoto wa miaka minane. Kadi yake ya kwanza ilitoka katika seti ya Parkhurst ya 1951-52. Alistaafu 1971, mkono ukimsumbua. Akarudi 1973, kwenye ligi nyingine, ili acheze timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty. Na msimu wa seti yenu akarudi NHL na hao hao wanawe, timu ya Hartford Whalers, akiwa na miaka 51. Kwa mchezo ambao watu wanabamizana ukutani kwa kasi ya baiskeli inayoshuka mlima, nilidhani mara ya kwanza kwamba nimesoma vibaya. Alicheza mechi zote 80. Alifunga mabao 15 na kutoa pasi za mabao 26, na siku mechi za msimu zinakaribia kwisha akatimiza miaka 52. Baada ya hapo akatundika viatu kwa kweli. Kwa hiyo boksi lenu lina kadi ya mwisho ya Howe akiwa bado anacheza, na kadi ya kwanza ya Gretzky, zikiwa zimeachana namba 157 tu.

Wawili hao walikwisha kukutana kabla. Mwaka 1972 Howe alialikwa kwenye hafla Brantford, mji wa Gretzky, Ontario, na wakapigwa picha pamoja. Mtoto ana miaka 11, umri wa mwanao, kavaa suti, na Howe amemzungushia gongo la hoki shingoni kwa utani, kama anamvuta. Howe alivaa jezi namba 9 na Gretzky alitaka namba hiyo hiyo. Alipojiunga na timu ya vijana ya Sault Ste. Marie akakuta 9 ina mwenyewe, wakamshauri basi achukue 9 mbili. Hiyo ndiyo asili ya 99.

Halafu tarehe 5 Februari 1980, mechi ya nyota wa ligi, Detroit, nyumbani kwa zamani kwa Howe. Watazamaji 21,002. Wachezaji walitajwa mmoja mmoja na Howe akawekwa wa mwisho, na makofi hayakuisha. Upande wa pili wa barafu alikuwepo Gretzky, kijana wa miaka 19. Mzee akatoa pasi ya bao siku hiyo. Mwambie kijana atafute picha za mechi hiyo, mimi kueleza nitaharibu.

Ili aelewe kwa nini wote wawili waliingia seti moja, itabidi umpe hadithi ya ligi. Tangu 1972 NHL ilikuwa na mpinzani, WHA, iliyokuwa ikichukua wachezaji kwa fedha nyingi. Wa kwanza mkubwa alikuwa Bobby Hull, aliyekwenda Winnipeg. Kufikia 1979 WHA ilikuwa imechoka kifedha, ikabaki kuomba kuingia NHL. Machi mwaka huo wenye timu za NHL walipiga kura na hoja ikaanguka. Montreal Canadiens ilikuwa mali ya kampuni ya bia ya Molson, nayo ilisema hapana. Watu wa Edmonton, Winnipeg na Quebec wakaisusia bia ya Molson. Mwezi haukuisha, kura ikarudiwa na Montreal wakabadilisha msimamo. Mimi si mnywaji, lakini ni mara chache nimesikia bia ikileta heri namna hiyo.

Timu nne zikaingia: Edmonton Oilers, Winnipeg Jets, Quebec Nordiques na Hartford Whalers. Kila moja ililipa dola milioni 6, na juu ya hapo timu kongwe ziliruhusiwa kuwachukua tena wachezaji waliokuwa na haki nao. Wageni walivuliwa nguo mlangoni. Winnipeg walioingia wakiwa mabingwa wa mwisho wa WHA walimaliza wa pili kutoka mwisho NHL, ushindi mara 20 katika mechi 80. Ukitazama kadi za timu hizo nne katika boksi lako, unatazama watu ambao nusu yao hawakujua mwaka ujao watakuwa wapi. Bobby Hull kwenye kadi ni wa Winnipeg, lakini msimu ukiwa katikati akapelekwa Hartford, akamalizia maisha yake ya uchezaji pamoja na Howe. Hiyo kadi haikuijua, kwa sababu kadi huchapwa msimu ukiwa mlangoni, zikibeba habari za mwaka uliopita. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanao asimtafute Mark Messier wala Ray Bourque. Walicheza msimu huo kwa mara ya kwanza, lakini kadi zao zilitoka mwaka uliofuata.

Gretzky alikuwa amecheza mwaka mmoja WHA. Alianza Indianapolis 1978 akiwa na miaka 17, timu ikaishiwa fedha baada ya mechi nane akauzwa Edmonton, na akamaliza msimu na mabao 46 na pasi 64. Hata hivyo wengi walisema ligi ile ilikuwa nyepesi, ngoja aje kwa wakubwa. Alikuja. Msimu wa 1979-80 alipata pointi 137, sawasawa na Marcel Dionne wa Los Angeles. Hoki hujumlisha bao na pasi ya bao, kila moja pointi moja, lakini tuzo ya mfungaji bora ikaenda kwa Dionne kwa kuwa alikuwa na mabao 53 na Gretzky 51. Tuzo ya mchezaji mpya bora nayo akanyimwa, wakisema aliyekwisha kulipwa WHA si mpya, ikaenda kwa Bourque. Wakampa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote wa ligi nzima. Yaani hawezi kuwa bora wa wageni, ila anaweza kuwa bora wa wote. Aliitwaa hiyo miaka minane mfululizo, na leo wewe unapita Wayne Gretzky Drive ukienda kazini.

Mengine ya msimu huo nitayapitia mbiombio. Philadelphia Flyers walicheza mechi 35 bila kufungwa, kuanzia Oktoba hadi Januari, ushindi 25 na sare 10, kisha Minnesota wakawachapa 7-1. Montreal waliochukua kombe mara nne mfululizo waling'olewa. Ken Dryden, golikipa wao, alikuwa ameshastaafu kabla msimu haujaanza, lakini kadi yake imo ndani ya seti, na kwangu ni kati ya nzuri kuziangalia. Tarehe 24 Mei 1980 Bob Nystrom akafunga katika muda wa nyongeza, New York Islanders wakawatoa Philadelphia wakabeba kombe lao la kwanza kati ya manne. Edmonton waliingia mtoano wakiwa wa kumi na sita, wa mwisho katika waliofuzu, wakaondoshwa na hao hao Philadelphia kwa mechi tatu bila.

Kuna mchezo mmoja mzuri wa kumpa kijana akiwa na kadi mezani. Agawe mafungu mawili: waliovaa helmeti na wasiovaa. Msimu huo ndio sheria ilianza kumlazimisha kila aliyesaini mkataba wa ulipwaji baada ya tarehe 1 Juni 1979 avae. Wa zamani waliachiwa hiari. Guy Lafleur wa Montreal, namba 200, nywele zake zilijulikana kama pasi zake. Howe, kichwa wazi. Gretzky, helmeti. Asiyevaa wa mwisho kabisa alistaafu 1997. Hayo yote mwanao atayaona kwa macho, bila mimi kumwambia.

Nimebakisha jambo ambalo hukuliuliza. Binti wa mzee alipokupa boksi, alijua kilichomo? Maneno yako, “Mpelekee mwanao,” yananionyesha mtu aliyekuwa akisafisha chumba cha marehemu, ana uchungu, na kwake hizo ni karatasi za utotoni. Mashirika mengi yanayoajiri watu wa kazi yako yana masharti juu ya zawadi kutoka kwa mnaowahudumia, na wewe unayajua ya kwenu kuliko mimi. Lakini hata yasingekuwepo, mpigie simu. Mwambie ndani mna namba 18, na kwamba ikiwa halisi ina bei. Akisema bado ni yenu, mwombe akuandikie mistari miwili yenye tarehe na jina lake, kwa sababu siku ukitaka kuuza, mnunuzi makini atauliza imetoka wapi. Akisema anaitaka, mrudishie hiyo moja na mwombe mbaki na 370. Najua ni rahisi mimi kusema nikiwa mbali. Ila nimewahi kununua seti kwa njia isiyonyooka, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo siitoi kabatini.

Ikibaki kwenu, ushauri wangu ni kutoiuza mwaka huu, na kutoitenga. Ipelekeni kupimwa, kwa sababu kadi hii bila plastiki ya kampuni ya upimaji kila mnunuzi ataishuku, na daraja hata likiwa 2 limeandikwa “halisi” ndani yake. Anza na duka la kadi lenye jina hapo mjini, wakutazamie tu. Wa kwanza akikwambia “nitakupa mia mbili sasa hivi, unisaidie nami,” funga mkoba.

Na zile zilizopungua ni 25 ili seti itimie 396. Kwa kuwa Gretzky, Howe na wakubwa wengine mnaonekana kuwa nao, zilizokosekana huenda ni za wachezaji wa kawaida, dola moja au mbili kila moja kwenye maonyesho ya kadi, tena zilizochoka kama zenu ndizo zitakazokaa vizuri pamoja nazo. Hiyo kazi mpe kijana. Achukue kadi za orodha, asiandike chochote juu yake, anakili namba kwenye daftari, na akishajua zipi hazipo anitumie hizo namba 25. Nina katoni nzima ya marudio ya seti hii hapa ndani, karibu kila mtu yumo. Namba 18 ndiyo sina.